Kisima Tulichokifunika kwa Makuti

Siku ile kisimani tulikuwa wanne: mimi, mama mkwe wangu, wifi yangu ambaye ni kitinda mimba wake, na balozi wetu wa nyumba kumi, aliyekuwa mjomba wa mume wangu. Majina yao ninayo yote, ndiyo ninayoyataja nikiwaombea dua, ila hapa siyaandiki.

Ni miaka ya sabini, katikati ya Kaole na Mlingotini. Balozi alitangulia kutuambia kuwa mabwana wawili wa serikali wanapita kupima ardhi ya mradi wa chumvi, na kila wanachokikuta wanakiandika: minazi, makaburi, mikoko, visima. Wifi akasema labda wamekuja kuposa minazi. Tukacheka, isipokuwa mama mkwe. Yeye alisema wakikiona kisima watakipa kambi ya vibarua, na sisi turudi kufuata maji kule mbali. Kwa karibu, maji matamu yalikuwa hapo tu. Visima vingine vilikuwa vya kufulia.

Basi tukakifunika kwa makuti, juu tukapanga kuni. Nikazikalia, na mimba yangu ya miezi saba, kama mtu aliyechoka.

Mabwana wakafika, wakasalimu kwa adabu. Mwenye daftari akamwacha balozi, akaniuliza mimi.

"Dada, maji ya kunywa mnateka wapi?"

"Mbali, bwana. Hapa hakuna kisima."

Akaandika. Balozi alitazama chini.

Mabwawa ya chumvi yakachimbwa hatua chache kutoka pale. Haikupita miaka miwili, asubuhi moja nikateka kata ya kwanza, nikaonja maji, nikayatema. Mwanangu analia kiu, na ninachompa kinamzidishia kiu.

Balozi akaenda ofisini Bagamoyo kulalamika, nikamfuata na mtoto mgongoni. Karani akatafuta daftari, akasoma, akatugeuzia ukurasa.

"Kingeandikwa, mabwawa yangesogezwa kule. Mmesema wenyewe hakipo. Sasa mnataka nimwandikie nani?"

Njia nzima ya kurudi balozi hakunitazama.

Mama mkwe alipokuwa anakata roho aliomba maji ya kisima kile. Nilimpa ya mbali, nikamwambia ndiyo yale. Alijua.

Wote wametangulia, nimebaki mimi. Nikumbukavyo, ni mimi niliyesema hakuna kisima. Kama yupo aliyesikia kwa mzee wake kwamba alisema mwingine kabla yangu, au kwamba yule bwana alikwisha kuandika kabla sijafungua mdomo, namwomba anisahihishe. Aje upesi.