Ndoo ya Mwisho ya Mama

Mama alikufa asubuhi, akiwa ameshaweka punje za kefiri katika maziwa.

Kiwanda chetu cha kefiri, maziwa mazito yaliyochachushwa, kilikuwa chumba kimoja nyuma ya nyumba, hapa Kikula. Maziwa tuliletewa kwa baiskeli kutoka shamba lililo nje ya mji. Mama aliyachemsha, akayaacha yapoe mpaka kidole kiyavumilie, kisha akatia punje zake. Zilifanana na wali ulioshikana, nyeupe, zenye utelezi, na zilikuwa hai. Mtawa mmoja mzee ndiye aliyempa kijiko cha kwanza, na mama alikuwa amezilea tangu nikiwa shuleni. Kesho yake alichuja kwa chujio la plastiki: kefiri inaingia chupani, punje zinarudi katika maziwa mapya. Zikikosa maziwa mapya, zinajila zenyewe na kufa. Mji mzima sikujua mtu mwingine aliyekuwa nazo.

Basi tukakaa kilio. Mama mkubwa, dada yake mama, alifika kutoka Shituru na kushika mambo yote mkononi: mahema, viti, sufuria, hata nani alie wapi. Maiti ilisubiri katika chumba cha maiti kwa sababu kaka yangu alikuwa njiani, na njia ilikuwa mbovu. Kwetu mtoto wa marehemu haondoki mkekani kwenda kushika kazi kabla ya maziko. Nililijua hilo. Lakini mkeka wenyewe ulitandikwa sebuleni, ukitenganishwa na ndoo ile kwa ukuta mmoja tu.

Siku ya pili tuliisikia. Kefiri ikiiva kupita kiasi hutoa hewa, na kifuniko kinainuka na kushuka, tap, kisha kimya, kisha tap. Wanawake wa sala wakapandisha nyimbo. Jirani mmoja akahamisha mkeka wake hadi uani, akidai sebuleni kuna joto. Mimi nilijua ni hewa. Nilijua vizuri sana, na bado nywele zilinisimama, maana hivyo ndivyo chumba kile kilivyosikika mama alipokuwa kazini.

Nikamnong'oneza mama mkubwa kwamba punje zinakufa, aniruhusu niingie mara moja tu. Hakunitazama.

"Weye uko mwana wa marehemu," alisema. "Hauwezi kutoka pa mukeka. Maziba itangojea."

Nikasema maziwa hayangoji, nikaomba basi amtume mtu mwingine. Akazungusha macho kwa waliokaa, na kila mmoja akapata kitu cha kutazama sakafuni. Nilikasirika mpaka machozi yakakauka. Watu walewale walikuwa wanakunywa kefiri ya mama kila Jumapili baada ya misa, na sasa hakuna aliyethubutu kugusa ndoo yake.

Kaka alipofika tulizika; tulipotoka makaburini nilinawa mikono, nikapita moja kwa moja nyuma. Sauti ilikuwa imekoma. Maziwa yalikuwa yamejitenga, maji ya manjano chini, mabonge juu, na harufu kali ilijaa chumba. Nikaokoa punje kwa vidole. Zilikuwa laini, karibu kuyeyuka. Kilichobaki nikakimwaga mtaroni, nikasugua ndoo kwa hasira.

Nikazipa maziwa mapya. Kesho yake yalikuwa maziwa tu, yamechacha kidogo na kunuka vibaya. Nikayatupa, nikazipa mengine. Nikayatupa hayo pia. Kaka aliniambia niache, nisijitese. Nikachemsha maziwa mengine. Kama zingekufa, nami ningekuwa nimezika vitu viwili wiki moja, na cha pili kingekuwa kimekufa nikiwa nimekaa kando yake.

Kisha asubuhi moja mwiko ukasimama kidogo katika ndoo: maziwa yalikuwa yameganda, punje ziko hai. Nilichuja. Mama mkubwa alikuwa amekuja kuaga, nikamjazia kikombe. Yeye hakudondosha chozi kilioni, hata jeneza liliposhushwa. Alikunywa, akakaa juu ya kreti la chupa na kulia kwa sauti.

"Hii njo yake," alisema. "Hii njo ya mukono yake kabisa."

Nilimshika bega, nikamwacha aamini kwamba ndiyo ya mama. Ilikuwa ya mkono wangu. Ile ya mkono wa mama niliimwaga mtaroni, na sikuionja.