Shela ya Mama Ndani ya Maji ya Chai

Mwaka niliofunga ndoa nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi nje kidogo ya Migori, nikiishi katika chumba cha kupanga nyuma ya kinu cha kusaga unga. Hiyo ilikuwa miaka ya tisini. Gauni nililipata sokoni, kwenye mitumba: satini, rangi ya krimu, na lilinikaa kana kwamba nilipimiwa. Nililivaa nikiwa nimefunga mlango, nikajitazama kwa vipande kwenye kioo kidogo, mabega kwanza, kisha kiuno. Hakukuwa na mtu wa kuniambia, hebu geuka tukuone. Mchumba wangu alikuwa dereva wa lori na muda mwingi alikuwa safarini.

Shela nilikuwa nayo tayari akilini. Mama aliivaa kanisani Homa Bay kabla sisi hatujazaliwa. Baadaye dada yangu mkubwa akaivaa, kisha yule wa pili. Kufikia zamu yangu wote watatu walikuwa wamefariki. Dada zangu walichukuliwa na ugonjwa ambao siku zile hatukuutaja. Tukiulizwa tulisema kifua. Haukupita muda mrefu mama naye akawafuata, na nyumbani akabaki baba.

Nilipokwenda kuichukua nilimkuta shangazi, dada yake baba, amekuja kumwangalia. Aliniona nikiitoa sandukuni.

"Rudisha hiyo," akasema. "Walioivaa wako wapi?"

"Shangazi, ni kitambaa tu."

"Kitambaa kilichozika watu watatu. Mwambie huyo bwana yako akununulie kingine."

Nilimtazama baba. Alikuwa ameketi karibu na mlango akichonga mpini wa jembe, na hakuinua kichwa. Nikaikunja shela, nikaitia mkobani. Shangazi alipoona hivyo akatoka nje, na nilipoondoka hakuniaga.

Taabu niliiona niliporudi Migori na kuiweka juu ya gauni. Mama alikuwa akiifua kwa buluu, ileile ya mashati yetu ya shule, na buluu ya miaka yote hiyo ilikuwa imeipa weupe wa baridi, kama maziwa yaliyozidishwa maji. Kando ya ile krimu ilionekana kama ya bibi harusi mwingine. Kununua nyingine sikutaka. Basi Jumamosi nikawasha jiko uani, nikachemsha majani ya chai kwenye sufuria kubwa niliyoazima, nikachuja, nikatia chumvi ili rangi ishike.

Jirani yangu, mama mmoja Mkuria kutoka upande wa Kehancha, alikuwa anarudi na ndizi zake za kuuza.

"Mwalimu, umepata wageni?"

"Hapana, mama."

"Sasa hii chai yote ni ya nani?"

"Ni ya shela. Naipaka rangi."

Alicheka mpaka akaweka ndizi chini. Kisha akatazama uani kote, kama anayetafuta watu.

"Na wenyewe wako wapi? Mama? Dada?"

"Sina."

Hakusema pole. Alinawa mikono, akapandisha mikono ya blauzi, akachuchumaa upande wa pili wa beseni. Tukaizamisha shela pamoja, tukiigeuzageuza polepole. Ilipokolea tukaisuuza. Sikutaka kuianika kwa vibanio, maana ilikuwa nyepesi sana, kwa hiyo tulisimama juani, yeye ameshika ncha moja na mimi nyingine.

Hapo ndipo nilipoona. Neti ya shela ilikuwa imeiva vizuri, krimu kabisa, lakini ilikuwa imejaa vimistari vyeupe ambavyo sikuwa nimewahi kuviona. Vingine vifupi kama punje za mchele, vingine virefu kama kidole. Nilikigusa kimoja kwa ukucha nikautambua uzi: nailoni, ule wanaoshonea nyavu kule ziwani. Chai haikuushika.

"Imeharibika," nikasema.

Jirani aliivuta karibu na macho. "Nani alishona hivi?"

"Labda mama."

"Alikuwa na mkono mzuri." Akainyoosha tena juani. "Ivae tu, mwalimu. Watu wakiangalia, waangalie."

Ilipokauka alibeba ndizi zake akaenda kuwapikia watoto. Mimi niliitandika shela juu ya kiti, nikaketi kitandani nikiitazama. Jioni ile nilisikia familia za wapangaji wa ploti nzima zikila na kuzozana, na nikatamani mtu yeyote, hata shangazi, aje tugombane.

Asubuhi ya harusi binamu zangu walinivalisha kule nyumbani, katika nyumba ya marehemu mama. Shangazi alibaki jikoni, akasema hawezi kuacha sufuria motoni. Baba aliingia kunichukua, amevaa koti lake la kanisani. Alisimama mbele yangu, akashika pindo la shela, akavipitisha vidole juu ya ile mishono mmoja baada ya mwingine.

"Huu wa hapa ni wa dada yako mkubwa," akasema. "Aliikanyaga akicheza. Huu ni wa yule mwingine." Akafika karibu na bega langu. "Tundu hizi ni za panya. Mama yako alizishona baada ya kumzika dada yako wa pili, ameketi pale mlangoni. Nikamuuliza, sasa unamshonea nani? Akaniambia, si yupo mmoja amebaki."

Miezi ile mama alikuwa haongei na mtu, na mimi nilikuwa Migori nikidhani amenisahau.

"Twende, nyathina," baba akasema. Mwanangu. Tukaenda.

Ibada ilikwenda vizuri, na chakula kikatosha. Shangazi alikula mbali nasi, lakini mwishowe alikuja akanishika mkono, akaukaza, akaondoka. Alasiri mume wangu alitaka tufike Rongo, tulikopanga nyumba, kabla ya mvua. Nilipanda gari nikiwa bado na gauni. Kupitia dirishani nilimwona baba peke yake uani. Wageni walikuwa wametawanyika, na yeye alikuwa ameanza kurudisha mabenchi tuliyoazima kanisani, akiyabeba begani, moja moja, akipandisha kilima cha kwenda kanisani. Nilitaka kushuka nimshikie upande wa pili wa benchi, lakini gari lilikuwa limeshaondoka.