Chaja yangu na mtoto wa Bukavu

Leo nimesinzia saluni, kuamka nakuta chaja yangu imechomekwa kwenye simu ya mtu nisiyemjua.

Zamani isingewezekana. Simu yangu ilikuwa na tundu lake la peke yake, hakuna aliyeniomba waya. Ulaya wakatunga sheria, tundu moja kwa simu zote, na sasa hapa ugenini, Yeoville, waya wangu ni wa kila mtu.

Eish.

Nilikuwa nasukwa, usingizi mtamu, naota niko kwetu Kigoma na mama ananiita.
Kumbe simu yangu imezimika, na mama aliahidi kunipigia mchana huo.

Nikageuka, maneno makali tayari mdomoni.

"Pardon, dada," akasema mwenye simu ile, kaka Mkongo. "Dada yangu amezaa leo, kule Bukavu."

Kwenye kioo cha simu yake, kitoto kinapiga miayo. Polepole, kama hakuna haraka yoyote duniani.

Waya umelegea, simu yake haina chaji kabisa, picha inakatikakatika. Nikajikuta nimeushika kwa vidole usichomoke.
(Ninyi mngeuchomoa? Semeni ukweli.)

Jioni mama akanipata kwenye simu. Nikamwambia kuna mtoto amezaliwa.

"Wa nani?"

Nikasema, wetu.