Mwimbaji Asiyevuta Pumzi

Kwenye minada ya Dodoma, kuanzia Bahi mpaka Chemba, kila mfanyabiashara ana jambo analojulikana nalo. Yupo wa supu ya mbuzi, yupo wa kushusha bei jua likianza kupoa. Loisi, muuza mitumba wa Ihumwa, alijulikana kwa mawili: sauti yake, na jinsi alivyokuwa hawasamehi waimbaji wa kike.

Sauti ile haikuwa ndogo. Loisi ni mama wa Kigogo wa miaka hamsini na kitu, mfupi, mwenye kifua kipana. Akishamwaga belo la magauni kwenye turubai, alipanda juu ya kreti ya soda na kuita bei yake ya shilingi elfu moja: "Chagua buku! Buku chagua! Gauni la harusi buku, gauni la msiba buku!" Ilianza nzito, ikapanda, ikavuka zizi la ng'ombe na kelele za madalali, ikawafikia wanawake waliokuwa bado wanashuka kwenye bodaboda kule barabarani. Hakuwa anaimba, ila alijua pa kuvuta pumzi na pa kulikata neno. Kwa kuita hivyo alimsomesha mwanawe wa pekee, Charles, ambaye sasa ni fundi umeme mjini.

Kwa hiyo alipomsikia mwimbaji redioni, alimsikiliza kama mpishi anavyoonja chungu cha jirani.

Georgia Mwamba, aliyetokea kwenye kwaya, alimkubali. "Huyo anaimba kutoka tumboni," alisema. "Lakini video zake! Wimbo wa kufiwa na mama yake, yeye kavaa manyoya ya mbuni. Nani kamshauri?" Tatu Marashi alimmaliza kwa maneno machache: magari mazuri, bahari nzuri, sauti ya mbu ndani ya chandarua. Aliyemkera hasa alikuwa Nuriya, ambaye ndiye aliyependwa na nchi nzima.

"Nimemsikiliza wimbo mzima," alisema Loisi. "Hajavuta pumzi hata mara moja. Huyu ni mtu au ni bomba la maji? Wamemkata pumzi kule studio. Mtu aliyekatwa pumzi tunamwitaje?"

Maneno haya yalimfikia moja kwa moja Mwanaidi, mama yake Ikram, mwanamke wa Kondoa aliyeuza madera na vitenge kwenye turubai la pembeni yake. Walikuwa wamepanga jirani kwa miaka mingi, na lori lililowapeleka mnadani liliwabeba wote wawili juu ya mizigo yao. Mwanaidi alikuwa na picha ya Nuriya kwenye kioo cha simu. Nuriya alipochukua tuzo ya mwimbaji bora wa kike, safari ya kwenda Chemba ilichangamka kabla lori halijatoka mjini.

"Haya, Mama Charles. Leo utasema nini? Tuzo imekwenda kwa mwenyewe."

"Tuzo ya gauni au ya sauti?"

"Ya mwimbaji bora!"

"Basi waliompa ni viziwi wenye macho mazuri."

Lori zima likacheka. Mwanaidi naye akacheka, lakini hakuachia hapo. "Wivu huo, shoga yangu."

"Nimwonee wivu kwa lipi, Mama Ikram? Mlete Chemba mwezi wa saba. Upepo ule, vumbi lile, ng'ombe wanalia. Aite mpaka alasiri. Akiwa bado anasikika, tuzo nitamfungia mwenyewe kwenye kitenge chako, na kitenge nitakilipa."

Mwaka uleule Nuriya alikuja Dodoma kwenye tamasha, na wote wawili wakaenda, mmoja kwa mapenzi, mwingine kwa ukaguzi. Nuriya alitoka amevaa dhahabu tupu. Alicheza vizuri, hilo Loisi hakulikataa. Lakini katikati ya wimbo wa tatu aliinama kuwapungia watoto waliokuwa mbele, mkono wenye maiki ukashuka mpaka kiunoni, na sauti yake ikaendelea kuimba kiitikio bila yeye. Alipoinuka, midomo ikaudaka wimbo mahali ulipofika.

"Rudisha kiingilio!" Loisi alipaza sauti.

"Mama, kaa bwana, tunaangalia," mtu akasema nyuma.

"Mnaangalia nini? Anaimba flashi!"

Mwanaidi aliona pia, ila alinyamaza. Loisi hakunyamaza, si usiku ule tu bali minada yote iliyofuata. Sauti ya kwenye flashi ni wizi, alisema. Anayepanda jukwaani alete koo lake. Na hukumu hiyohiyo akaishusha kwa wenzake wa mnadani, kwa sababu wengi walikuwa wameshaacha kuita. Walikwenda kwa Denis, kijana mwenye kibanda cha kurekodi matangazo pale Majengo. Denis aliwawekea kwenye flashi ya kuchomeka kwenye spika sauti ya binti mmoja, Erica, tamu kama asali: karibu mteja, karibu sana. Erica aliuza viatu, aliuza ndoo, aliuza sumu ya panya, na mnadani kwenyewe hajawahi kukanyaga. Ili asikike katikati ya Erica wote wale, Loisi alizidi kupandisha sauti.

Ilimwishia Chemba, mwezi wa saba. Upepo ulikuwa mkali tangu asubuhi. Mchana, katikati ya "buku," sauti ikakwaruza kama bawaba yenye kutu, kisha ikatoka hewa tupu. Mteja alimwuliza bei mara tatu, mwishowe akaweka gauni chini na kwenda zake.

Alikunywa tangawizi, akanywa asali na ndimu, akasukutua maji ya chumvi. Wiki zikapita, bado anatoa mkwaruzo. Ndipo Charles alipompeleka hospitali kwa daktari wa koo, kijana mpole aliyemwamkia shikamoo kabla ya kumpitishia mrija mwembamba wenye kamera puani.

"Mama, angalia kwenye kioo cha mashine."

Loisi, aliyeona video za kila mwimbaji nchini, akaiona ya kwake. Kwenye wekundu ule kulikuwa na nyuzi mbili nyeupe zinazofunguka na kufunga. Zilikuwa ndogo mno. Alitazama kwa muda, akishangaa kwamba kitu kama kile ndicho kilichomlisha Charles.

"Hizo nyeupe ndizo nyuzi za sauti yako," alisema daktari. "Unaona hapa katikati? Huku kavimbe, na huku kavimbe, kama punje za mchele. Ni sugu, kama za mkulima kiganjani. Unafanya kazi gani?"

"Naita," Loisi akajibu kwa hewa.

"Basi usiite. Usiongee kabisa mpaka nikuone tena. Wala usinong'one, kunong'ona nako kunachosha. Ukirudi kupiga kelele, hizi sugu zitakaa, na sauti yako hutaipata."

Loisi aliliogopa hilo kuliko ambavyo angeogopa kupasuliwa. Bila sauti, yeye na mnada wamekwisha, na kazi nyingine hakuwa nayo.

Mwanaidi alisema jambo hilo ni dogo. "Weka turubai lako hapo. Nitaita ya wote." Na kweli aliita: "Madera huku, magauni buku kule!" Sauti yake ilikuwa nyembamba, lakini wateja walikuja. Loisi alikunja, alipima, alionyesha bei kwa vidole. Malipo ya msaada huo Mwanaidi aliyachukua njiani, juu ya mizigo, ambako alipiga nyimbo za Nuriya kwenye simu kuanzia mwanzo wa safari mpaka mwisho.

"Leo nitaongea mimi," alitangaza. "Jamani, nani mwenye sauti kuliko Nuriya?"

Loisi akatikisa kichwa kwa nguvu.

"Video ya nani kali kuliko ya Nuriya?"

Loisi akapiga ndoo kwa ngumi.

"Mama Charles ana hoja?" mtu akauliza kutoka nyuma ya magunia.

"Hana," alisema Mwanaidi. "Daktari kamkataza uongo."

Lori likaangua kicheko. Loisi alimfinya Mwanaidi pajani, akajiziba masikio, akageukia nyuma kuangalia barabara. Mabega yake yalikuwa yanatikisika kwa kucheka.

Siku moja wakitoka Bahi, Mwanaidi alizima simu mwenyewe. Aliongea polepole, bila utani. "Hivi, Mama Charles. Siku ile ya tamasha. Kama na yeye alikuwa ametoka kwa daktari? Watu wameshajaa, wameshalipa. Wewe ungemshauri afanye nini?"

Jibu lilimjia Loisi hapohapo, kama kawaida yake. Alifungua mdomo, akakumbuka, akaufunga. Kwa maisha yake yote majibu yalitoka kabla hajayatazama. Hili lilibaki kinywani njia nzima, na kadiri alivyolitazama ndivyo alivyoliona halina nguvu. Walipofika Ihumwa alikuwa bado hajapata lingine.

Lakini aliona jambo jingine wiki hizo. Mwanaidi alikuwa anakunywa maji kila mara, anashika koo, anakohoa kabla ya kuita. Akiita magauni, anasahau madera yake. Mteja wake akiondoka haoni. Loisi alijua kikohozi kile kilikoanzia na kinakokwenda. Daktari alipomruhusu kuongea, taratibu tu, bila kuita tena maisha yake yote, alikuwa ameshaamua: koo la mwenzake halitaliwa kwa ajili ya belo lake. Ama apate namna nyingine, ama aache mnada.

Sauti iliyorudi ilikuwa ya chini, yenye mchanga, na katikati ilipasuka kidogo. Alikwenda nayo Majengo.

"Shikamoo, mama," alisema Denis, akijitahidi asitabasamu. "Nilijua ipo siku."

"Marahaba. Cheka tu, kisha unirekodi."

"Si nikupe Erica? Yupo tayari. Natoa ndoo, naweka magauni, dakika mbili tu."

"Erica anajua gauni la msiba linavyouzwa?"

Denis akampa maiki na kumfundisha: usipige kelele, ongea kama unamwambia mtu aliye mbele yako, ukubwa ataongeza yeye kwenye mashine. Loisi akaongea. Alipomaliza, kijana akabonyezabonyeza, kisha akamsikilizisha.

Ilitoka sauti yake, ila imenyooka. Haikuwa na mchanga wala mpasuko. Ilikuwa ya mwanamke wa miaka thelathini aliyelala vizuri. Loisi aliomba irudiwe. Ilikuwa nzuri, hakutaka kujidanganya, na kwa muda aliitamani kama mtu anavyotamani picha yake ya zamani.

"Mimi hapo navuta pumzi wapi?" akauliza.

"Nimezikata zote. Zinachafua."

Loisi akaweka maiki mezani. Kisha akasema, "Zirudishe."

"Mama, watu watasikia umekwaruzwa."

"Si nimekwaruzwa?"

"Lakini biashara, mama."

"Wanaonijua watanijua. Hii uliyotengeneza watadhani nimekufa, binti yangu ndiye anayeuza."

Mnada uliofuata wa Bahi, Loisi aliweka spika juu ya kreti ya soda, mahali alipokuwa anasimama yeye. Akaketi pembeni juu ya belo, mahali ambapo kila mtu angemwona, akafunga mdomo na kuanza kumenya karanga. Spika ikaita magauni kwa sauti ya mchanga, ikihema kabla ya kila "buku." Katikati ya akina Erica ilisikika kama mtu aliyeingia na viatu vya shamba kwenye sherehe. Wauza ndoo walicheka. Wateja waliangalia spika, wakamwangalia yeye, wakarudi kwenye spika.

"Mama, mbona hii inaongea na wewe upo?" mwanamke mmoja akauliza.

"Koo bovu," Loisi akamjibu kwa chini. "Hiyo ni mimi wa juzi. Chagua."

Yule mwanamke akacheka, akachagua. Hadi mchana alikuwa ameuza chini ya siku zake za zamani, na zaidi ya siku za kuonyesha bei kwa vidole. Ilitosha kumrudisha Chemba.

Jua lilipopungua, Mwanaidi akaja kuketi naye juu ya belo. Alikuwa anaita vyake tu siku hiyo, na hakukohoa.

"Kwa hiyo sasa wewe na Nuriya ni kitu kimoja."

"Hata kidogo. Mimi nimefunga mdomo, mnada mzima unaona. Yeye alituchezeshea midomo."

"Angefunga mdomo pale jukwaani, wangemrushia chupa."

Loisi alimenya karanga nyingine, akampa. Aliwaza uwanja ule, taa zile, watu wamelipa, na nyuzi mbili nyeupe ndani ya koo la msichana aliyevaa dhahabu. Kama zilikuwa na punje au hazikuwa nazo, hakuna aliyewahi kumwambia.

"Wangemrushia," akakubali. "Na mimi ningekuwa wa kwanza."

Mwanaidi alimgeukia kwa mshangao. Alikuwa hajawahi kumsikia Mama Charles akirudi hatua nyuma, si kwa bei wala kwa mwimbaji.

"Kwa hiyo umemsamehe?"

"Uongo wa midomo nimemsamehe," alisema Loisi. "Tuzo sijamsamehe. Tuzo ile ni ya Georgia, na manyoya yake ya mbuni."

"Georgia! Mama Charles, una kichaa wewe!"

Mwanaidi akaanza kumtaja Nuriya wimbo kwa wimbo, mikono hewani. Loisi alikuwa na majibu yote tayari, lakini aliyatoa moja moja, kwa sauti ya chini, na Mwanaidi akalazimika kusogea karibu kila mara ili ayasikie.