Ukuta Umesoma Vizuri

Mwalimu aliyenifundisha kazi ya ualimu alikuwa na kanuni moja, na aliirudia kila asubuhi akiwa anakunywa uji. "Mtoto hupimwa kwa fimbo," alisema. "Mtu mzima hupimwa kwa aibu." Ukimpiga mtu mzima, alieleza, anachukua jembe lake anakwenda zake shambani. Lakini mwaibishe mbele ya watu wa kwake, hapo ndipo utajua kama amejifunza au alikuwa anakumalizia chaki.

Mimi nilifika kwake kwa njaa na kwa udadisi. Shule niliiacha darasa la pili. Sikufukuzwa, reli ilikuwa inalazwa kwenda Mwanza, nami nilitaka kuona chuma kinavyofungwa kwenye mti. Tangu hapo nilibeba mizigo, nikapakia pamba, nikachoma matofali, na kila nilipozoea mahali niliondoka. Mwaka uliofuata ule wa nzige nilipita katika kijiji kimoja, mwendo wa kutwa kutoka Shinyanga, nikawakuta watu wenye mvi wamekaa chini ya paa la nyasi wakiimba herufi. Nikasimama mlangoni kuwatazama. Mwalimu akanirushia kitabu.

"Soma."

Nikasoma.

"Nani kakufundisha?"

"Shule kidogo, Mwalimu. Na maandishi ya kwenye mifuko."

"Basi utanifagilia darasa. Ukijua kufagia, nitakufanya mwalimu."

Nikafagia. Baada ya mavuno akaanza kuniacha na darasa mchana, yeye akilala, nikawa mwalimu wa kujifunza. Wanafunzi wangu walikuwa wakulima na wafugaji, wengi wao wakubwa kwangu kwa umri. Walinisalimu kwa heshima kisha wakanicheka viatu. Kila mmoja alikuwa na sababu yake. Wengine walitaka ubatizo. Mzee mmoja alitaka kusoma karatasi za baraza kwa sababu hakumwamini karani. Na mmoja alitaka kuishi.

Huyu nitamwita mkwe, maana ukwe ndio uliomponza. Alikuwa amechimba dhahabu kule Nyarugusu hata kifua kikajaa vumbi. Alipokwenda hospitali ya Kolandoto aliambiwa asiingie shimoni tena. Alirudi nyumbani akakuta sotoka imemaliza ng'ombe wake. Kodi ilikuwa pale pale, na kazi ya fedha ilikuwa moja tu, mgodi wa Geita. Ila mgodini kulikuwa na mlango wa pili. Mtu aliyejua kusoma aliwekwa juu, getini, akawagawia wenzake vibati vyenye namba na kuvipokea jioni. Asiyejua aliteremka. Waliotaka kazi ya juu walidaiwa barua ya mwalimu, na barua hiyo ilitolewa na mwalimu wetu, mwisho wa mafunzo, kwa aliyeshinda mtihani. Kwa mkwe, barua ile ilikuwa pafu.

Kumpima mtu mzima si kazi rahisi. Mtoto akikwama anakwama, unamwona. Mtu mzima ana haya, na haya humfundisha ujanja. Walikuwapo waliokariri kitabu kizima kwa kusikia wenzao. Ukiwafungulia ukurasa wanatazama picha ya mbuzi kisha wanakumiminia maneno yote bila kukosea, kitabu wamekishika wanaangalia ng'ombe wanaopita nje. Nikajifunza kufunika mstari kwa jani la mpera. Nikawa nawaanzisha chini ya ukurasa kupanda juu. Waliokariri walichanganyikiwa kama siafu waliovurugiwa njia. Mkwe hakuchanganyikiwa. Alipanda mstari kwa mstari, taratibu, akikohoa kwenye nukta.

Siku moja nikafuatana naye Shinyanga mjini, nikamsimamisha dukani mbele ya mifuko ya chumvi na makasha ya viberiti. Akasoma yote, mpaka jina la mwenye duka juu ya mlango. Mwenye duka akampa kibiriti cha bure. Niliporudi nikamwambia Mwalimu kwamba huyu bwana anasoma.

"Umempima wapi?"

"Dukani, kwenye mifuko."

"Kulikuwa na watu?"

"Mwenye duka peke yake."

"Basi hujampima," akasema. "Umetembea naye."

Kwa Wasukuma wa siku zile mwanamume na mama wa mke wake hawakukutana. Wakionana njiani, mmoja aliingia porini mpaka mwingine apite. Hawakuketi chini ya paa moja wala kutazamana usoni. Haukuwa ugomvi. Mwanamume aliyemheshimu sana mkwewe ndiye aliyekimbia mbali zaidi, na mama alijivunia mbio hizo mbele ya majirani. Mimi nilikulia Tabora mjini, kwa watu waliochanganyika, nikauliza mambo hayo kama mgeni. Mwalimu hakuhitaji kuuliza. Alizaliwa ndani yake.

Siku ya mtihani aliwaalika watu wa nyumbani kwa kila mwanafunzi. Kwa mke wa mkwe alituma neno la ziada: aje na mama yake, kwa kuwa wazazi watapewa heshima. Yule mama akaja amejifunga kaniki mpya. Mwalimu akampokea kwa salamu ndefu ya Kisukuma, akamwita mayu, kama mtu anavyomwita mama yake, akamketisha kwenye kigoda mbele kabisa, hatua chache kutoka mahali pa kusomea. Nilipouliza kwa nini amemweka pale, akaniambia kwa sauti ya chini, "Leo nawe unapimwa. Kazi yako ni kushika kitabu na kuita watu. Nikikuona unamhurumia mtu, ufagio bado upo."

Waliofaulu walikaa kwenye benchi. Walioshindwa walikaa chini, pamoja na watoto waliokuja kuchungulia. Mzee wa karatasi za baraza alishindwa neno la tatu, Mwalimu akamwambia, "Karani wako akuibie tu, baba, umri wako wa kuibiwa umefika." Watu wakacheka, na mzee akacheka nao, kwa sababu angefanya nini. Mama mmoja alifaulu, akaketi kwenye benchi ameshika magoti kama aliyepandishwa kwenye mtumbwi.

Nikamwita mkwe. Aliinama kuingia mlangoni, akainua uso, akamwona mama yule, akarudi nyuma kama aliyekanyaga kaa la moto. Mama naye akajivuta kaniki mpaka kwenye pua.

"Ingia," Mwalimu akasema. "Kitabu hakina mkwe."

"Mwalimu," sauti ikajibu kutoka nje, "nakuomba. Nisomee hapa hapa."

"Hapo ni zizini?"

Waliobatizwa, walioziacha mila hizo, wakacheka. Wengine wakatazama miguu yao. Mama akainuka ili atoke, Mwalimu akamwambia aketi, maana wageni wa heshima hawaondoki kabla ya shughuli. Akaketi. Wakati huo mkwe alikuwa anakohoa nyuma ya ukuta, na ukuta wetu ulikuwa wa miti na udongo, kila pumzi ilipita.

Nikasema, "Mwalimu, nimpelekee kitabu nje. Nitasimama naye nihakikishe anasoma. Tutamsikia wote."

Alinitazama kama mtu anayepima mbuzi kwa macho. "Nenda," akasema.

Nikatoka. Mkwe alikuwa amebandika mgongo ukutani, jasho likimtiririka. Nikamfungulia ukurasa ambao darasa halijaufikia, nikamwonyesha mstari wa chini. Akavuta pumzi, akasoma. Alisoma kupanda juu, halafu kushuka, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake darasani, na hakukohoa hata mara moja mpaka alipofunga kitabu. Nikarudi ndani nikiwa na furaha ya kijinga.

"Haya," Mwalimu akasema. "Ukuta umesoma vizuri. Mpe ukuta barua."

Kicheko cha sasa kilikuwa cha watu wote. Hata mke wa mkwe alicheka kidogo, kwa woga, kisha akafunika mdomo.

"Nilimwona akisoma," nikasema.

"Wewe ulimwona. Mimi nimesikia udongo." Akageukia mlangoni. "Bwana mkubwa, getini kule Geita watapita watu kila asubuhi. Wapo wanaume wamezaa na dada zako, wapo wakwe, wapo wajomba. Utawagawia vibati ukiwa nyuma ya kichaka? Ingia, usimame mbele ya mama yako, usome. Ukishindwa, nenda shimoni. Huko kuna giza, hutamwona mkwe yeyote."

Kisha mkwe akaingia. Alikuwa amevua shuka lake la begani akajifunika kichwa chote, uso na yote, akaja kinyumenyume akipapasa, mgongo umemwelekea mama. Alisimama pale mbele kama mzigo ambao wapagazi wameutua. Mama alikuwa amegeukia ukuta, kaniki juu ya kichwa. Wawili wale walisimama na kuketi hivyo, wamefunikwa, wakipeana migongo, na mtoto mmoja akauliza kwa sauti kama wamekufa.

Kwa kuwa hakuweza kuona kitabu, mkwe akasema kwa kichwa ukurasa wa kwanza, ule wa mbuzi, wote, kutoka ndani ya shuka. Ukurasa huo kila mtu kijijini aliujua, mpaka wapita njia.

Mwalimu akatabasamu. Nilimjua, tabasamu hilo lilikuwa la mtu aliyeshiba. Alichokitaka amekipata: mtu ameingia. Kusoma hakukuwa na maana kwake siku hiyo. Akanipungia mkono. "Mpeleke benchi," akasema.

Nilikuwa nimeshamshika mkwe kiwiko. Tulikuwa tumepiga hatua moja. Ndipo yule mama akasema, bila kugeuka, kwa Kisukuma kilichonyooka.

"Mwalimu, wewe umeoa kwa nani?"

Mwalimu hakuwa na mke. Wazee wa nyumba fulani walikuwa wamemkataa, na kijiji kizima kilijua.

"Sijaoa, mayu."

"Ndiyo," mama akasema. "Hakuna mama aliyekubali kukukimbia."

Nimepita sehemu nyingi, sijasikia tena watu wakicheka vile. Mzee wa karatasi za baraza alilala chini kabisa. Waliobatizwa walicheka kuliko wote. Mwalimu alingoja mpaka wakanyamaza. Uso wake haukubadilika, sauti tu ndiyo ilishuka.

"Mrudishe chini huyo," akaniambia. "Nimegundua amekariri. Hakutazama kitabu. Mtu wa kukariri simpi barua."

"Mwalimu, umesema benchi."

"Nimesema chini. Na wewe chukua ufagio."

Sikuchukua ufagio. Niliondoka kesho yake, na si kwa ushujaa. Miguu yangu ilikuwa inawasha tangu mwezi uliopita, nilikuwa natafuta sababu. Mkwe alikuwa ameshatangulia. Nilimkuta Geita. Karani wa kuandikisha alinipa gazeti nisome, nikasoma, hakuniuliza barua ya mwalimu kwa kuwa siku hiyo walikuwa na haraka ya mtu. Akaniweka getini.

Hivyo ikawa mimi ndiye niliyempa mkwe kibati chake kila asubuhi. Nilimwambia karani kwamba yule bwana anasoma kuliko mimi. Karani akauliza kama ana barua. Nikamwambia hana. Akasema, "Basi hasomi." Mkwe hakunilaumu. Alipofika mbele yangu aliitaja namba kabla sijaitaja, akachukua kibati, akateremka. Mdomoni mwa shimo palikuwa na ubao wa onyo la baruti. Wageni walipokwama mbele yake, yeye ndiye aliyewasomea. Nyapara mmoja akamuuliza kwa mzaha amesomea wapi.

"Kwenye ukuta," akajibu, na nyapara akadhani ni matusi, akamkata ujira wa siku.

Masika ya pili walimpakia kwenye lori kumrudisha kwao akiwa hawezi kutembea. Alizikwa nyuma ya zizi lake lisilo na ng'ombe. Nilisikia kwamba mama mkwe alikuja mazikoni akakaa mbali, kwenye shamba la mtama, kama desturi ilivyotaka, na kwamba watu walimpelekea maji huko huko.

Nilipopita tena kijiji kile nilikuwa nakwenda kwenye pamba, Mwanza. Nilimkuta yule mama anapalilia. Alinitambua kwa viatu. Tukasalimiana kwa Kisukuma, akaniuliza habari za njia, za mvua, za watu wa mgodini, kisha akaegemea jembe.

"Mimi Kiswahili chenu sikijui," akasema. "Siku ile nyuma ya ukuta. Alisoma vizuri?"

"Vizuri sana, mayu."

"Nilidhani hivyo. Hakusimama njiani." Akang'oa jani la mtama, akalichana. "Na kama ningenyamaza?"

Alikuwa ananitazama usoni, kama mtu mwenye haki ya kujibiwa. Mwalimu alikuwa amesema benchi, kwa Kiswahili. Nilikuwa nimeshamshika mkwe kiwiko, na huyu mama hakuona hayo, kwa kuwa alikuwa amegeukia ukuta, amejifunika.

"Angepewa barua," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, polepole, akainama, akaendelea kupalilia pale alipoachia.