Kichwa cha Gesare na Skrini Nne

Kwa miaka ishirini na miwili Gesare aliyajua majani ya chai kwa mikono. Alifanya kazi ghorofa ya juu ya kiwanda kimoja upande wa Kimulot, mahali ambapo majani mabichi hutandazwa kwenye vitanda virefu vya waya na kupulizwa hewa mpaka yanyauke. Yeye ndiye aliyeyageuza na kusema lini yako tayari. Aliyachota, akayafinya yawe donge, akafungua kiganja. Donge likifumuka upesi, bado. Likifumuka polepole, majani yashuke kwenye mashine. Hakuna aliyemfundisha kwa maneno mengi. Sellah, mwenzake aliyemtangulia kazini, alimshika tu mkono akauzamisha kwenye majani, akamwambia angoje.

Mwaka juzi kiwanda kilifunga kamera na vipimo vya unyevu. Kati ya watu saba wa ghorofani akabaki Gesare peke yake, akashushwa kwenye chumba kidogo chini, akae mbele ya skrini nne pamoja na Benard Kipchirchir, fundi wa mitambo. Alishukuru kubaki na kazi. Kutumia kompyuta alijifunza kwa wiki tatu, na hata yeye alikubali kwamba vipimo vile havikosei sana.

Wiki ya nne kichwa kikaanza kumuuma. Kilianzia nyuma ya jicho la kulia, kikapanda kwenye paji la uso, na ikifika saa nane mchana macho yalikuwa makavu kama yametiwa mchanga. Akapunguza mwanga wa skrini. Kichwa kikazidi. Dirisha la chumba lilikuwa limezibwa kwa katoni ili jua lisizimulike skrini, na sasa akaomba hata taa izimwe. Kikazidi tena. Akifika nyumbani alilala na kitambaa cha maji usoni huku binti yake, Judy, akipika.

Alienda kupimwa macho mjini Bomet. Muuguzi aliyempima, Chelimo, alimwandikia miwani ya kusomea na kumweleza kwamba macho yake hayana ugonjwa, ni ya umri wake tu. Kila baada ya dakika ishirini atazame mbali, na akumbuke kupepesa, maana mtu akikodolea skrini husahau. Miwani ilimsaidia kusoma. Kichwa hakikujali.

Ndipo akaanza kuwaza ya zamani kila siku. Aliwaza harufu ya majani yanaponyauka, kwanza kama nyasi iliyokatwa, halafu tamu, karibu kama mapera. Aliwaza wanawake wenzake wa ghorofani wakibishana kuhusu mahari na mahubiri ya Jumapili, na mwenzao marehemu Ayoo aliyekuwa akiimba nyimbo za kanisa, sauti ya kwanza na ya tatu, peke yake. Jumapili moja akampigia simu Sellah, aliyekwisha kustaafu na kurudi kwao Nyamira. Alitarajia wasikitike pamoja.

"Gesare, umesahau miguu?" Sellah akamuuliza. "Mimi mpaka leo sipandi kilima bila fimbo. Masaa kumi na mawili tumesimama juu ya simiti. Ninaowakumbuka ni nyinyi. Ile kazi siikumbuki."

Maneno yale yalimtuliza moyo, lakini kichwa kiliendelea kuuma. Kesho yake akamwambia Benard kwamba ataandika barua ya kuacha kazi. Benard alishtuka, kwa sababu muda wote huo alidhani mama huyu ni mtu wa kunyamaza tu. Akamuuliza maumivu huja lini hasa. Gesare akasema ni akiwa mbele ya skrini, na zaidi akizifanya ziwe hafifu.

Benard akafikiri kidogo, akatoa simu yake, akaelekeza kamera kwenye skrini. Ndani ya simu ilionekana mistari myeusi ikipita juu ya picha bila kukoma. Akaongeza mwanga wa skrini mpaka mwisho. Mistari ikapotea.

"Mama Judy, njoo uone," akasema. "Hii skrini ukiipunguza mwanga, mwanga wenyewe haupungui. Inazima na kuwaka, haraka sana. Jicho halioni, lakini kichwa chako kinajua."

Akashusha mwanga tena, na Gesare akaiona mistari ikirudi. Kwa miezi mitano alikuwa amejihesabu mzee asiyefaa tena.

"Kumbe si mimi," akasema.

Benard mwenyewe hakuwahi kuumwa. Alisema watu hawafanani. Siku hiyo hiyo wakabandua katoni, wakageuza meza ili dirisha liwe ubavuni, na skrini wakaziacha ziwake kwa mwanga wote. Chumba kikiwa cheupe, hazikumuumiza macho.

Maumivu hayakuisha mara moja. Yalipungua kwa wiki mbili, na hata sasa humrudia majira ya mvua, majani yanapojaa na yeye kukosa nafasi ya kuinua kichwa. Meneja amekwisha kuleta skrini moja ya aina isiyozimazima. Nyingine tatu wanazisubiri. Gesare amebakisha mwaka mmoja na nusu astaafu. Hutazama nje alivyoagizwa na Chelimo, wachumaji wakishuka njia ya vumbi na vikapu mgongoni, wakiongea wote kwa pamoja. Kwa umbali ule hasikii wanasema nini, lakini hukaa akiwatazama mpaka wapite kona, hata kama macho yameshapumzika.