Kofia ya Mteja Mwaminifu

Harufu ya dawa ya mbegu katika agroveti moja, duka la pembejeo za kilimo, hapa Embu imenikumbusha msimu ambao mahindi yetu hayakuota. Mama aliamini pakiti yenye picha ya hindi nono, na muuzaji wa duka moja la mjini Manyatta aliyevaa koti jeupe kama daktari. Kumbe laghai yule alipaka rangi mahindi mabovu, akayafunga kama mbegu.

Mama alipolalamika, alipewa kofia yenye nembo ya duka.

"Ni zawadi ya wateja waaminifu, mama," muuzaji akasema akitabasamu.

"Kofia haipikwi," mama akamjibu.

Siku ya soko alimvisha ng'ombe wetu kofia ile, akampitisha taratibu mbele ya duka. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mama hakucheka, ghala letu lilikuwa tupu.